Maana ya "Hakuna Kilichoonekana": Elimu ya Vimelea katika Malezi ya Daktari

Katika vyuo vya tiba vya Afrika Mashariki, mwanafunzi wa udaktari hukutana na elimu ya vimelea mapema, kabla hajazoea kuvaa koti jeupe wodini. Hupewa orodha ndefu ya majina ya Kilatini, michoro ya mizunguko ya maisha ambayo mishale yake hutoka kwa binadamu kwenda kwa mbu, konokono au nguruwe na kurudi tena, na hadubini ambayo chini yake yai la mnyoo limekwisha kuwekwa mahali pake. Hukariri, hufaulu mtihani na kusonga mbele. Miaka michache baadaye, akiwa zamu ya usiku, hupokea karatasi ya majibu kutoka maabara iliyoandikwa kwa kifupi kwamba hakuna kilichoonekana. Hapo ndipo hudhihirika kama alielewa au alikariri tu.

Jibu la "hakuna" ndilo gumu kuliko yote katika taaluma hii. Kimelea kinapoonekana, sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha kufanyika: aina yake hutambuliwa na dawa hujulikana. Kisipoonekana, daktari hana budi kuamua. Je, hakimo kweli? Au kimo, lakini kimetafutwa mahali pasipo pake, saa isiyo yake, au kwa njia isiyokifaa? Akikosea upande mmoja, mgonjwa huachwa na ugonjwa usiotibiwa. Akikosea upande wa pili, hutibiwa ugonjwa asio nao, na ule alio nao ukaendelea kumla. Makala haya yanaeleza kwa nini uamuzi huo unastahili kuwa kiini cha somo la vimelea, na jinsi unavyoweza kufundishwa.

Viumbe wenye makazi na saa zao

Neno lenyewe la Kiswahili lina mafunzo ndani yake. Kimelea hutokana na kumea: ni kitu kinachomea juu ya kingine na kupata riziki kwacho. Kinachomea huwa na mahali kilipomea, na huwa na majira yake. Historia ya taaluma hii ni historia ya watu waliotazama mahali sahihi kwa wakati sahihi. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho mwaka 1851 jijini Cairo, ndani ya mishipa ya damu, alipokuwa akichunguza maiti. Alphonse Laveran aliona kimelea cha malaria mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, katika damu mbichi ambayo haijakaushwa, na kilichomshtua kilikuwa nyuzi ndogo zilizokuwa zikichezacheza. Ronald Ross alipasua mbu nchini India mwaka 1897 akakuta kimelea hicho katika ukuta wa tumbo lake. Vimelea hivyo havikuzaliwa siku vilipogunduliwa. Vilikuwapo muda wote. Waliotangulia waliambulia patupu kwa sababu walitazama kwingine.

Mwanafunzi wa leo anapaswa kurithi maswali ya watu hao pamoja na majina yao. Kwa kila kimelea yapo maswali manne: kinakaa wapi mwilini, kinatoka kwa njia gani, kinatoka saa ngapi, na kimefikia hatua gani ya ukuaji wake siku mgonjwa anapofika hospitalini. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama daktari ataomba damu, mkojo au choo, ataomba lini, na ataamini kwa kiasi gani jibu atakalopewa.

Saa ya Kiswahili inatoa mfano ambao ni rahisi kuukumbuka. Mayai ya kichocho cha mkojo, ugonjwa unaofahamika vyema Unguja, Pemba na sehemu nyingi za Tanzania Bara, hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mabuu wa minyoo ya matende na mabusha, kwa aina inayopatikana katika pwani yetu, huelea katika damu ya pembeni kwa wingi kati ya saa nne usiku na saa nane usiku, wakati mbu wanapouma. Mchana hujificha katika mishipa ya mapafu. Saa nne hadi saa nane, mchana kwa mkojo na usiku kwa damu. Mwenye matende aliyetolewa damu saa tatu asubuhi, kwa sababu ndipo maabara inapofunguliwa, anaweza kupewa jibu la "hakuna" lisilo na kosa lolote la kusoma, na bado likawa halina thamani. Vipo vipimo vinavyotafuta chembechembe za mnyoo mkubwa badala ya mabuu wake, navyo hufanya kazi hata mchana. Lakini ni nani ataviomba kama hajui kwa nini kile cha kwanza kilimpotosha?

Hatua ya ukuaji nayo ina hukumu yake. Mabuu wa minyoo mikubwa ya mviringo, Ascaris, hupita katika mapafu kabla ya kurudi tumboni, na mayai huanza kuonekana katika choo baada ya miezi miwili au mitatu tangu mtu kuambukizwa. Mtoto anayekohoa na kupumua kwa mlio katika kipindi hicho, huku chembe nyeupe za aina ya eosinofili zikiwa zimepanda, anaweza kupimwa choo kutwa asionekane na yai hata moja. Minyoo bado ni wachanga mno kutaga. Kwa kichocho cha muda mrefu hali hugeuka: mayai mengi huwa yamekwama katika kuta za kibofu au viungo vya uzazi, na machache tu hufika kwenye mkojo. Hivyo mwanamke mwenye vidonda vya kichocho katika njia ya uzazi anaweza kutoa mkojo usio na yai, naye akazungushwa miaka kadhaa akitibiwa magonjwa ya zinaa ambayo hana.

Hata muda unaopita juu ya meza ya maabara unahesabiwa. Katika njia ya Kato-Katz, inayotumika sana kuhesabu mayai ya minyoo katika choo, gliserini inayosafisha uchafu ili mayai yaonekane huyafuta pia mayai ya safura. Slaidi ikisomwa ndani ya nusu saa hadi saa moja, safura huonekana. Ikiachwa hadi baada ya chakula cha mchana, huwa imetoweka. Aliyesoma mchana hakudanganya alipoandika "hakuna", lakini mgonjwa aliyepungukiwa damu hurudi nyumbani na minyoo wake.

"Malaria mbili" na slaidi tupu

Nchini Tanzania si ajabu kumsikia mtu akisema amepimwa na kukutwa na "malaria mbili" au "malaria tano". Mara nyingi nambari hiyo hutokana na desturi ya kuhesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe 200 za damu. Kwa makadirio ya kawaida kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8000, kimelea kimoja kwa chembe nyeupe 200 ni sawa na vimelea 40 katika mikrolita. "Malaria tano", basi, ni vimelea 200. Mwanafunzi anapaswa kuijua hesabu hiyo, na pia kujua mipaka yake.

Mpaka wa kwanza unatokana na tabia ya kimelea chenyewe. Plasmodium falciparum hukua ndani ya chembe nyekundu kwa muda wa saa 48 hivi. Katika nusu ya pili ya muda huo, chembe zilizoambukizwa hung'ang'ania kuta za mishipa midogo ya ubongo, ya kondo la nyuma na ya viungo vingine. Damu inayotobolewa kidoleni huonyesha zaidi vimelea vichanga vinavyopita. Kwa sababu hiyo mjamzito anaweza kuwa na kondo lililojaa vimelea huku slaidi yake ya kidole ikiwa tupu, na mtoto mwenye "malaria mbili" anaweza kuwa mgonjwa kuliko mwenye "malaria ishirini". Kinyume chake, mtu mzima aliyekulia mahali penye malaria nyingi anaweza kubeba vimelea kwa utulivu, na homa iliyomleta hospitalini ikawa na chanzo kingine kabisa.

Mpaka wa pili unatokana na kazi ya binadamu. Kanuni inataka msomaji wa tone nene apitie nyuga 100 za hadubini, kwa lenzi ya mafuta, kabla ya kuandika kwamba hakuona kimelea. Kazi hiyo huchukua dakika nyingi za macho yaliyotulia. Penye foleni ndefu, rangi ya Giemsa iliyokwisha nguvu na taa inayozimika kila umeme unapokatika, nyuga 100 huweza kuwa 20. Kipimo cha haraka kimepunguza mzigo huo kwa kiasi kikubwa, na kimefika hadi zahanati zisizo na hadubini. Lakini nacho kina masharti. Aina inayotumika zaidi barani Afrika hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hivyo mstari unaoonekana siku ya kumi baada ya tiba si ushahidi kwamba dawa imeshindwa. Aidha, wapo vimelea waliopoteza jeni ya protini hiyo, nao hupita bila kuonekana. Mwaka 2016 Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo vyake kwa sababu hiyo.

Mtu anaweza kusoma hayo yote na kuhitimu kwamba jibu la "hakuna" halifai kuaminiwa kamwe. Hapo angeangukia katika kosa la pili, ambalo katika nchi yetu limegharimu maisha. Mwaka 2004 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4474 waliolazwa wakitibiwa malaria kali, slaidi zilizosomwa kwa makini zilionyesha vimelea kwa asilimia 46 tu. Zaidi ya nusu walikuwa wakitibiwa ugonjwa ambao ushahidi wake haukuwamo katika damu yao. Miongoni mwa waliokuwa na vimelea walifariki asilimia 6.9, miongoni mwa wasiokuwa navyo, asilimia 12.1. Tena, kati ya wale wasio na vimelea waliofika wakiwa wamepoteza fahamu au wakipumua kwa shida, kiasi cha theluthi moja hawakupewa viuavijasumu.

Takwimu hizo zinastahili kuandikwa ubaoni siku ya kwanza ya somo. Nyuma yake kuna homa ya uti wa mgongo, nimonia na bakteria katika damu, maradhi ambayo kila saa inayopita bila dawa yake ina thamani. Slaidi iliyotengenezwa vyema, ikasomwa kwa uaminifu na kurudiwa, ilikuwa ikisema: tafuteni kwingine. Waliokuwa wakitibu walikuwa wamezoea kutoiamini. Daktari aliyefunzwa vyema hujua lini alitilie shaka jibu la "hakuna" na lini alitii, na ujuzi huo hautokani na orodha ya majina.

Choo kitupu, ubongo uliojaa

Mfano wa tegu wa nguruwe unaonyesha jinsi kukariri nusu ya mzunguko kunavyoweza kumpotosha daktari. Wanafunzi wengi hukumbuka kwamba Taenia solium hupatikana kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Ni kweli: anayekula nyama yenye malengelenge ya mabuu hupata tegu mkubwa tumboni. Lakini kifafa kinachosababishwa na mabuu wa tegu katika ubongo huja kwa njia nyingine, yaani kumeza mayai yaliyotoka katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga. Asiyeonja nguruwe maishani mwake anaweza kuupata.

Ushahidi maarufu ulichapishwa mwaka 1992 kuhusu familia za Wayahudi wa dhehebu la Orthodoksi jijini New York, watu ambao dini yao inawakataza nguruwe. Walipatikana na mabuu katika ubongo, na chanzo kilichoelekea zaidi kilikuwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka katika nchi zenye tegu. Kwa Tanzania, uchunguzi uliofanyika katika wilaya ya Mbulu umeonyesha kwamba mabuu hao ni sehemu ya mzigo wa kifafa huko. Daktari anayemuuliza mgonjwa wa kifafa swali moja tu, kama anakula kitimoto, na kufunga jalada anapojibiwa hapana, ameuliza swali la ugonjwa mwingine. Kupima choo nako hakutamsaidia sana, kwa kuwa wengi wenye mabuu katika ubongo hawana tena tegu tumboni. Choo kitakuwa kitupu ilhali picha ya ubongo imejaa. Na akimpa mgonjwa huyo praziquantel kwa sababu nyingine bila kufikiri, anaweza kumwamshia degedege zilizolala.

Yuko pia mnyoo mdogo, Strongyloides stercoralis, anayezaliana ndani ya mwili ule ule kwa miongo kadhaa bila kelele. Hatoi mayai katika choo bali mabuu, hivyo njia ya Kato-Katz humkosa. Mgonjwa akipewa dawa za steroidi kwa pumu kali, ugonjwa wa figo au baada ya kupandikizwa kiungo, mabuu huweza kuongezeka kwa kasi na kusambaa mwilini wakiburuta bakteria wa utumbo hadi katika damu. Wengi hufa. Daktari bingwa wa figo au wa ngozi aliyeiacha elimu ya vimelea katika mwaka wa pili huweza kukutana nayo tena kwa namna hii, na mara nyingi huwa amechelewa.

Slaidi tupu kama kitabu cha kiada

Tazama sasa maonyesho ya maabara yalivyopangwa katika vyuo vingi. Hadubini ziko mstarini, kila moja ina slaidi, na kila slaidi ina kimelea kilichowekwa katikati ya jicho, pengine na mshale wa kukielekeza. Mwanafunzi hupita, hutazama, huchora. Hakuna hata hadubini moja iliyo tupu. Kwa mpango huo hajifunzi kutafuta, kwa maana kila kitu kimekwisha kutafutwa kwa niaba yake. Wala hajifunzi kukosa. Humaliza kozi nzima bila kuandika "hakuna kilichoonekana" hata mara moja, ilhali hilo ndilo jibu atakalolipokea mara nyingi zaidi kazini.

Marekebisho yake hayahitaji fedha nyingi. Katika kila seti ya slaidi kumi za mazoezi, nne ziwe tupu kweli, na mwanafunzi asiambiwe zipi. Nyingine mbili ziwe na vidanganya macho: punje za rangi zilizoganda, chembe sahani iliyolalia juu ya chembe nyekundu, chavua, uzi wa pamba, kiputo cha hewa. Apewe slaidi bila jina na muda wa kutosha, na ahesabu nyuga mwenyewe. Kisha asiruhusiwe kuandika neno "hakuna" peke yake. Aandike sentensi kamili: hakuna kilichoonekana katika nyuga 100 za tone nene, damu ilichukuliwa saa tano asubuhi, mgonjwa alianza dawa mseto siku mbili kabla. Sentensi ya namna hiyo inampa daktari wa wodini kitu cha kufikiria. Pia humfundisha mwandishi wake kwamba jibu ni sawa na ushahidi mahakamani: lina mtoaji, mahali na saa.

Kazi ya pili ifanyike nje ya maabara. Mwanafunzi aliyesimama kando ya bwawa, akaokota konokono kwa glavu, akamweka katika chupa ya maji safi mwangani na kuwaona mabuu wa kichocho wakitoka kuogelea, hatahitaji mshale wa kitabuni. Ataelewa pia kwa nini mtoto aliyetibiwa Machi hurudi na kichocho Septemba, na kwa nini dawa bila choo na maji safi ni sawa na kupiga deki huku bomba likivuja.

Kazi ya tatu ni lugha. Masomo hutolewa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa hueleza maradhi yake kwa maneno ya nyumbani. Mchango kwa bibi mmoja ni minyoo, kwa mwingine ni maumivu yoyote ya tumbo. Degedege, kama walivyobaini watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990, kwa wazazi wengi haikuwa malaria bali ugonjwa mwingine wenye waganga wake, na mtoto alifikishwa hospitalini akiwa amechelewa. Katika baadhi ya jamii, mvulana kukojoa damu kumehesabiwa kuwa dalili ya kukua, na hivyo si jambo la kumwambia daktari. Asiyeijua lugha hiyo atauliza, atajibiwa hapana, naye ataandika "hakuna" nyingine katika jalada, iliyo tupu kama ile ya slaidi.

Mwisho kuna uhusiano na maabara. Mteknolojia anayepokea fomu yenye neno "choo" na jina la mgonjwa pekee hana namna ya kujua atafute nini. Daktari anayeandika kwamba mgonjwa ametoka Ukerewe, ana ini lililovimba na ametapika damu, amemwambia mwenzake aangalie mayai yenye mwiba ubavuni. Wanafunzi wa fani hizo mbili wanapaswa kukaa meza moja tangu chuoni, wabadilishane slaidi na kusahihishana.

Haja ya mafunzo haya itaongezeka kadiri nchi zinavyofanikiwa. Malaria ilipokuwa kila mahali, hata msomaji mvivu aliiona mara nyingi. Inapopungua, kama ilivyopungua sana Zanzibar katika miongo hii miwili, slaidi tupu huwa nyingi, macho hulegea, na yule mgonjwa mmoja mwenye vimelea vichache hupita kati ya mia wasio navyo. Huyo mmoja ndiye anayeweza kuurudisha ugonjwa kijijini. Chuo kinachotaka madaktari wa kumwona kinaweza kuanza muhula ujao, kwa kuweka slaidi tupu katika meza ya mtihani.